Nani Anaipima Saa ya Mpiga Kengele?

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mwenzetu katika Mkutano wa Mwaka wa Wanafunzi wa Zamani, bwaloni.)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu wangu (shikamooni), kaka zangu mlionitangulia kupita hapa, na ninyi wadogo zangu ambao bado mnakula maharage ya bwalo hili:

Kwanza naishukuru Kamati kwa heshima iliyonipa. Barua ya Katibu ilinitaka nizungumze juu ya "kazi yangu serikalini". Mimi ni mpima ardhi, na kazi ya mpima ardhi, kwa mtu anayeitazama kutoka barabarani, ni kusimama juani nyuma ya chombo chenye miguu mitatu huku ukisikiliza majirani wakigombania mpaka. Nimeona heri niyaache hayo, nizungumzie jambo moja tu ambalo hunishughulisha kila siku, na ambalo wengi wenu hapa mmelibeba mfukoni bila ya kulifikiria. Nalo ni hili: mawimbi yanayotoka kwenye setelaiti na kutuambia tuko wapi na sasa ni saa ngapi, tunajuaje kwamba yanasema kweli?

Mfumo wa zamani na unaojulikana zaidi ni ule wa Wamarekani uitwao GPS. Warusi wana wao uitwao GLONASS, nchi za Ulaya zina Galileo, na Wachina wana BeiDou. Setelaiti za GPS zinazofanya kazi ni kama 30 hivi. Huzunguka dunia kwa urefu wa kilomita zipatazo 20,200, kila moja ikikamilisha mizunguko miwili kwa siku, na ndani ya kila moja mna saa za atomu. Kazi yake ni kupiga mbiu tu, mchana na usiku: mimi ni fulani, niko mahali fulani, na sasa ni saa fulani. Chombo kilichoko mkononi mwako huisikia mbiu hiyo ikiwa imechelewa kidogo, hupima kuchelewa kwake, na kwa kuwa mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde moja, hujua setelaiti iko umbali gani. Kikizisikia setelaiti nne, hujua mahali kilipo na papo hapo husahihisha saa yake chenyewe, ambayo aghalabu ni ya bei nafuu.

Tazameni basi ukali wa hesabu hii. Saa ya setelaiti ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali unakosewa kwa mita 300, yaani viwanja vitatu vya mpira vilivyopangwa kwa urefu. Mpima ardhi akikosea hivyo, amempa mtu shamba la jirani pamoja na nyumba na kisima.

Watu wengi hudhani mambo haya ni ya ramani peke yake. La hasha. Basi lililowaleta hapa jana linafuatiliwa mwendo wake kwa mawimbi haya. Makontena yanayotoka Mombasa kwenda Kampala na Kigali, tangu mwaka 2017 mamlaka za kodi za Kenya, Uganda na Rwanda huyafuatilia kwa kufuli za elektroniki zinazotangaza zilipo. Lakini kuna matumizi makubwa zaidi ambayo hayaonekani, nayo ni ya wakati. Mitandao mingi ya simu ya kisasa hutaka kila mnara usikosee saa kwa zaidi ya sehemu moja na nusu ya milioni ya sekunde, la sivyo minara huanza kukatizana maneno kama wanafunzi wa kidato cha kwanza. Kumwekea kila mnara saa ya atomu ni ghali mno, kwa hiyo mnara hufungiwa kipokezi kidogo juu yake, ukachukua saa bure kutoka mbinguni. Mabenki hufanya hivyo. Wanaoendesha gridi za umeme hufanya hivyo. Huduma nyingi zinazoonekana kuwa mbalimbali zimekuja kusimama juu ya mguu mmoja.

Wenzangu wa rika langu watamkumbuka mpiga kengele wetu. Sitamtaja, maana yumo humu ukumbini na amekuwa mtu mzito. Alikuwa na saa moja ya mkononi, na kwa saa hiyo shule nzima iliamka, ilikula, ilisali na kulala. Siku moja kukawa na ubishi kwamba kengele inawahi. Tukalinganisha saa zetu bwenini, zote zikakubaliana na kengele, tukasema basi iko sawa. Ni mwalimu wa fizikia aliyetucheka, akatuuliza: saa zenu mlizirekebisha kwa nini? Kila mmoja alikuwa ameirekebisha yake kwa kengele ile ile. Yeye alikuwa na redio ndogo ya betri, na alisikiliza milio ya saa kabla ya taarifa ya habari. Kengele ilikuwa inawahi kwa dakika sita.

Nimekisimulia kisa hicho kwa sababu shida yote iko hapo. Saa elfu moja zinazokubaliana si ushahidi, ikiwa zote zimefundishwa na mwalimu mmoja. Ili kumkagua mpiga kengele, hapana budi uwe na redio yako pembeni.

Sasa niwape mifano iliyotokea, wala si ya kubuni. Wamarekani walirusha setelaiti moja mwezi Novemba 1990 ambayo katika orodha yao ilikuwa namba 23. Tarehe 1 Januari 2004 saa yake ya atomu iliharibika. Setelaiti, pamoja na mbiu yake, hutangaza pia hali ya afya yake. Na namba 23, huku saa yake ikikimbia hovyo, iliendelea kutangaza kwamba ni mzima. Ilichukua karibu saa tatu mpaka waliokuwa zamu walipoitangaza kuwa mgonjwa. Katika muda huo, chombo chochote kilichoiamini kiliweza kutupwa mbali sana na mahali pake.

Ikapumzishwa, baadaye ikarudishwa kazini, ikatumika miaka mingine mingi. Kisha, tarehe 25 na 26 Januari 2016, ikaondolewa kabisa kwa uzee. Katika kuiondoa, programu ya mitambo ya ardhini ikapeleka kwa setelaiti nyingine kadhaa masahihisho mabaya ya saa. Kosa lilikuwa sehemu 13.7 za milioni za sekunde. Hapa vijana wa sayansi nisikilizeni vizuri, maana jambo hili ni zuri kulifikiria: mahali hapakukosewa. Madereva hawakupotea, ndege hazikupotea. Kosa lilikuwa katika tofauti kati ya saa ya ndani ya GPS na saa ya dunia inayotumiwa na watu, na hesabu ya mahali haiigusi tofauti hiyo. Kwa hiyo aliyetazama ramani aliona kila kitu ni salama, na aliyekuwa akiuza wakati ndiye aliyeumia. Mitambo ya simu katika nchi mbalimbali ilianza kulia kengele za hatari, na huko Uingereza matangazo ya redio ya kidijitali ya BBC yakavurugika. Mambo yalitengemaa alasiri ya tarehe 26 kwa saa zetu za Afrika Mashariki. Si vipokezi vyote vilivyodanganyika. Vilivyokuwa na namna ya kuuliza "hivi inawezekana saa ikaruka ghafla namna hii?" vilinusurika.

Wasidhani wengine kwamba hili ni la Wamarekani tu. Mwezi Aprili 2014 setelaiti zote za Warusi zilitangaza mahali pasipo pao kwa muda wa karibu saa 11. Na mwezi Julai 2019 mfumo wa Galileo ulisimama karibu wiki nzima, kwa sababu ya hitilafu katika mitambo ya ardhini inayokokotoa saa na njia za setelaiti. Wenye simu hawakujua, kwa kuwa simu zao zilikuwa zikisikiliza GPS pia. Mimi husema hiyo ndiyo habari njema kuliko zote za mwaka ule, ingawa magazeti yaliandika aibu peke yake.

Je, ni nani wanaokesha? GPS ilianza na vituo vitano vya kusikiliza: Colorado, Hawaii, kisiwa cha Ascension katika Atlantiki, Kwajalein katika Pasifiki, na Diego Garcia hapa katika Bahari yetu ya Hindi. Kila kituo kinajua kwa uhakika mahali kilipo, hadi sentimita. Kwa hiyo kinapoisikia setelaiti, hakiulizi "niko wapi?", bali huuliza "wewe unasema nipo wapi?" Tofauti ya majibu ndiyo kosa la setelaiti. Vipimo hupelekwa Colorado, masahihisho yakapigiwa hesabu na kurushwa juu. Vituo vitano havikutosha, maana setelaiti iliweza kukata kona ya anga isiyo na mlinzi. Mwaka 2005 vikaongezwa vingine sita, kusudi kila setelaiti ionwe na vituo visivyopungua viwili wakati wowote.

Lakini hao bado ni walinzi walioajiriwa na mwenye duka. Nje yao upo ushirika wa wanasayansi ulioanza kazi rasmi mwaka 1994, kwa kifupi IGS, ambao vyuo na mashirika ya nchi mbalimbali hutoa vituo vyao na kugawana vipimo bure. Vituo hivyo ni mamia, na viwili kati yake wengi wenu mngeweza kuvifikia kwa basi: Mbarara huko Uganda, na Malindi huko Kenya. Malindi! Wanafunzi wa historia wanajua kuwa ni Malindi ambako Vasco da Gama mwaka 1498 alipewa rubani wa kumvusha hadi Hindi. Rubani wa siku zile alizijua nyota, hakuziamini tu. Alipima kimo chake, akalinganisha na upepo, rangi ya maji na ndege aliowaona, na nyota ikipingana na maji aliuliza kwa nini.

Vyombo vya ndege hufanya vivyo hivyo siku hizi. Setelaiti nne zinatosha kukupa mahali, lakini ni kama shauri lenye mashahidi waliotimia idadi tu: huwezi kujua nani mwongo, kwa kuwa hakuna wa kumpinga. Akija shahidi wa tano, mzee wa baraza anatambua kuwa kuna uongo humu ndani, ila hajui ni wa nani. Akija wa sita, mwongo anatajwa na kutolewa nje. Zaidi ya hapo, Marekani tangu 2003 na Ulaya tangu 2011 wana mifumo rasmi ya usalama wa anga: vituo kadhaa vya ardhini husikiliza, na setelaiti nyingine humwonya rubani anayeshuka ndani ya sekunde 6 tangu hatari kutokea. Linganisheni sekunde 6 na zile saa tatu za mwaka 2004. Afrika nayo imeanza. Shirika la usalama wa anga liitwalo ASECNA, la nchi nyingi za Afrika ya Magharibi na Kati pamoja na Komoro na Madagaska, lilianza kurusha mawimbi ya majaribio mwaka 2020 kwa kutumia setelaiti ya Nijeria.

Mtu ataniuliza: kama Wamarekani na Wazungu wanakesha, sisi tukeshe ya nini? Jibu langu ni kwamba anga letu si anga lao. Kati ya setelaiti na ardhi lipo tabaka la hewa lililochajiwa umeme na jua, ayonosfia, na mawimbi yakipita humo hucheleweshwa. Huko Ulaya tabaka hilo aghalabu ni tulivu. Katika nchi za joto limevurugika, na vurugu yake kubwa haiko juu ya ikweta ya sumaku yenyewe, inayopita Ethiopia, bali katika mikanda miwili iliyo kama nyuzi 15 kaskazini na kusini yake. Pigeni hesabu mtaona mkanda wa kusini unaangukia wapi. Jua likishatua, hasa miezi ya Machi na Aprili na ile ya Septemba na Oktoba, mapovu hutokea katika tabaka hilo, na mawimbi huanza kumetameta kama nyota za usiku wa baridi. Vikundi vyetu vya upimaji vinajua. Jioni ya Oktoba, katika miaka ambayo jua ni kali kama ilivyokuwa 2024, unaweza kuwa na setelaiti 10 saa kumi na mbili, na saa mbili usiku zikawa zinapotea na kurudi, moja baada ya nyingine, huku mbingu ni nyeupe, hakuna wingu. Vijana wapya hudhani chombo kimeharibika. Hakijaharibika. Mlinzi wa Colorado hawezi kuliona povu lililo juu ya Morogoro. Wa kuliona ni kituo kilicho chini yake.

Nayo mikono ya watu ipo. Mwaka 2012 huko Newark, Marekani, wakaguzi walimkamata dereva aliyekuwa na kifaa kidogo cha kuvuruga mawimbi ndani ya gari, kusudi mwajiri wake asijue anakokwenda. Kila alipopita karibu na kiwanja cha ndege, mtambo mpya wa kutulia ndege ulichanganyikiwa. Alipigwa faini karibu dola 32,000. Mwezi Juni 2017 katika Bahari Nyeusi meli zaidi ya 20 zilijikuta, kwa mujibu wa vyombo vyao, zimetia nanga katika kiwanja cha ndege nchi kavu; huko hapakuwa kuvuruga tu, palikuwa kudanganya. Mwaka 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti uvurugaji wa namna hiyo katika anga la Kivu ya Kaskazini, ambako ndege za misaada hupita. Na mwishoni mwa Aprili 2024 shirika la Finnair liliacha kwa mwezi mzima kuruka hadi mji wa Tartu, Estonia, kwa kuwa mawimbi yalikuwa yakivurugwa na kiwanja kile hakikuwa na njia nyingine inayofaa ya kuzishusha ndege zake isipokuwa ya GPS.

Kisa cha Tartu ndicho kinachoninyima usingizi, wala si kile cha meli. Wamiliki wa mitambo ya zamani wana tabia ya kuing'oa mara tu ile mipya inapofanya kazi, kwa sababu fungu la matengenezo linaonekana kuwa la bure. Mimi nasema, na nimeandika hivyo ofisini mara nyingi, kwamba mtambo wa redio wa ardhini ulio kiwanjani, saa nzuri iliyo katika chumba cha mitambo ya simu, na jiwe la mpaka lililozikwa ardhini na kuandikwa katika daftari, vyote hivyo ni redio ya yule mwalimu wa fizikia. Visiondolewe kwa sababu kengele inalia vizuri. Na tunapoandika zabuni ya kununua chombo chochote kinachotumia mawimbi haya, swali "kinakosea mita ngapi?" halitoshi. Lazima pia tuulize: kikidanganywa, kitafanya nini, na kitamwambia nani?

Tena si suala la fedha peke yake, kama tunavyopenda kujitetea. Katika nchi moja, ambayo sitaitaja, nimeona kituo kizuri cha kusikiliza setelaiti kikiwa kimezimika miezi kwa sababu ya betri, na hakuna aliyejua mpaka mtu mmoja alipohitaji vipimo. Chombo kilikuwepo, paa lilikuwepo, ua wa waya ulikuwepo. Kilichokosekana ni mtu ambaye kazi yake, iliyoandikwa katika barua yake ya ajira, ni kukitazama kila asubuhi na kuuliza mbona leo si kama jana. Kijana aliyefaulu hesabu na fizikia hapa anaweza kuifanya kazi hiyo vizuri sana, na nchi zetu zina watu wachache mno wanaoifanya.

Basi, wadogo zangu, nimewaletea kazi. Najua sheria ya shule juu ya simu, na Mwalimu Mkuu asiwe na wasiwasi. Nimekuja na kipokezi changu cha zamani cha mkononi, nilichokinunua kwa fedha yangu (Ndugu Mweka Hazina asinitazame hivyo, si mali ya serikali), nacho nakiacha kwa Chama cha Sayansi. Kiwekeni kila siku chini ya mlingoti wa bendera, mahali pale pale, saa kumi jioni na tena saa mbili usiku, kwa dakika kumi. Andikeni latitudo, longitudo na idadi ya setelaiti. Mlingoti hauhami, kila kinachohama katika daftari lenu ni kosa la mawimbi au la chombo. Sekunde moja ya latitudo ni kama mita 31, kwa hiyo mnaweza kuligeuza kosa kuwa hatua za miguu. Msitegemee miujiza ya wiki ya kwanza, maana chombo kidogo kama hiki huyumba mita kadhaa hata siku njema. Andikeni mpaka mwisho wa Oktoba, kisha mlinganishe jioni na usiku, nanyi mniandikie mlichokiona, hata kama hamkuona kitu.

Daftari amelichukua mwalimu wa fizikia. Mstari wa kwanza nimeujaza mwenyewe leo, saa kumi na dakika ishirini: setelaiti tisa, mbingu nyeupe. Ndugu Mwenyekiti, naona muda niliopewa umekwisha. Kama kuna maswali, nipo tayari.